Siku ya Kuzaliwa ya Nahimana Juu ya Barafu

Kwa miaka kumi na miwili Nahimana alikuwa akisherehekea siku ya kuzaliwa isiyo yake. Hati zake zilisema amezaliwa tarehe moja Januari 1979. Hati za mumewe nazo zilisema tarehe moja Januari, mwaka tu ndio uliotofautiana, na ukipita nyumba za Merrylands, mtaa wao huku ng'ambo, ukiwauliza waliotoka kambi za wakimbizi za Kigoma, nusu yao watakuambia hivyo hivyo. Kule kambini waliulizwa mwaka. Siku na mwezi vikajazwa na aliyeshika kalamu. Nahimana hakuona sababu ya kulalamika. Kila mwaka mpya watoto walimwimbia, wakakata keki iliyobaki ya sikukuu, maisha yakaendelea.

Mwezi wa tano mwaka huu kaka yake Dieudonné, aliyerudi Burundi na kufanya makazi Rutana, alikwenda parokiani kutafuta cheti chake cha ubatizo. Katika daftari lile lile akakuta jina la dada yake. Akalipiga picha kwa simu, akamtumia. Mwandiko wa padri ulikuwa umefifia lakini ulisomeka: amezaliwa tarehe 12 Julai. Nahimana aliipokea picha hiyo akiwa kituo cha basi, amevaa sare ya kazi, na aliitazama mpaka basi lake likaja, likafungua mlango, likaufunga na kuondoka.

"Kumbe wewe ni mtoto wa baridi," mumewe Balagizi alimwambia jioni hiyo.

"Rutana mwezi wa saba ni vumbi tupu," Nahimana akajibu. "Baridi ni ya huku."

Balagizi ni mtu wa Bukavu. Walikutana kambini Nyarugusu, yeye akizungumza Kishi, Nahimana Kirundi, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kushindwa, Kiswahili kikawa lugha ya nyumba. Wana watoto wawili. Akimana, msichana wa miaka kumi na minne, na Fiacre mwenye miaka tisa. Wote wawili wanaelewa kila neno la wazazi wao na wote wawili hujibu kwa Kiingereza. Nahimana anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawasikiliza. Balagizi anafanya kazi katika ghala la vyakula vilivyogandishwa, ndani ya friza kubwa kuliko kanisa lao, ambamo kipimo husoma nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri kiangazi na masika.

Wiki mbili kabla ya Julai 12, wakiwa mezani, Akimana alimwuliza mama yake anataka nini kwa siku yake ya kweli ya kwanza. Kila mtu pale mezani alikuwa na jibu lake tayari. Balagizi aliwazia kitenge. Fiacre aliwazia keki ya chokoleti, kwa sababu ndiyo aliyoipenda yeye.

Nahimana akaweka kijiko chini.

"Nataka kuteleza kwenye barafu," akasema.

Fiacre alicheka, halafu akamwangalia mama yake usoni, kicheko kikaisha.

Basi analopanda Nahimana kwenda kazini hupita katikati ya mji wa Parramatta, na kila majira ya baridi, ambayo huku ni Juni na Julai, hujengwa pale uwanja wa barafu wa muda, nje kabisa, chini ya mbingu, umezungushiwa ukuta mfupi wa plastiki nyeupe. Mwaka wa kwanza aliuona kwa dirisha la basi akageuza shingo mpaka ukapotea. Mwaka wa pili alianza kushuka kituo kimoja kabla ya chake, akasimama ukutani dakika kumi, kisha akamalizia njia kwa miguu. Alifanya hivyo kwa majira sita ya baridi na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mwanamke wa miaka arobaini na sita, kiongozi wa sauti ya pili katika kwaya, anayetoa hotuba kwenye harusi za watu, aseme kwamba anatamani kuteleza pamoja na watoto wa shule?

Siku moja alimwona pale mama wa makamo, mnene kama yeye, amevaa koti la kijivu, akizunguka peke yake taratibu huku mikono ameiweka mgongoni. Hakuwa na haraka wala hakuwa anamtafuta mtu. Alizunguka uwanja ule kama anayekagua shamba lake asubuhi. Nahimana alichelewa kazini dakika nne siku hiyo.

Yote haya aliyasimulia pale mezani, na kadiri alivyosimulia ndivyo sauti yake ilivyozidi kuchangamka, hata chakula chake kikapoa.

"Mama Akimana," Balagizi akasema, "miye nakaa kwenye barafu siku tano kwa juma. Siku ya sita unataka unirudishe?"

"Kule unabeba maboksi. Huku utabeba mwili wako tu."

Balagizi akafikiri. "Bon, sawa," akasema hatimaye. "Tutaenda. Na nitawafundisha. Barafu ninaijua."

Ilikuwa Jumamosi. Nahimana aliamka saa kumi na moja, ingawa zamu yao uwanjani ilikuwa ya saa tatu. Alipofungua mlango wa nyuma, majani yote ya uani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, na taulo aliloacha kwenye kamba lilikuwa limeganda gumu kama ubao. Simu ilisema nyuzi moja. Akapiga taulo kwa kidole, likatoa sauti, akacheka peke yake.

Akatengeneza chai ya maziwa, akaimimina kwenye chupa kubwa. Akavaa suruali mbili za kubana, soksi jozi mbili, sweta, koti, na juu ya yote akajifunga kitenge.

Akimana alipotoka chumbani akasimama. Kwa Kiingereza akasema kwamba hakuna mtu anayeteleza na kitenge, na kwamba pale kutakuwa na watu wa shule yake.

"Basi wataniona vizuri," mama yake akasema.

Walipanda treni pale Merrylands. Ni mwendo mfupi, lakini Nahimana hakukaa kwenye kiti. Alisimama mlangoni, glavu mikononi, akiangalia nje. Fiacre alimwuliza baba yake kama barafu inaweza kupasuka na watu wakazama. Balagizi akamweleza kwa kirefu, kwa sauti ya mtaalamu, jinsi barafu inavyogandishwa kwa mabomba kutoka chini, mpaka abiria wawili wa kiti cha mbele wakageuka kumsikiliza.

Uwanjani walipewa viatu. Vilikuwa vizito na vigumu, na chini ya kila kimoja kulikuwa na bapa la chuma kama kisu cha jikoni. Nahimana alikaa kwenye benchi akavuta kamba za viatu mpaka vidole vikamwuma. Alipojaribu kusimama, miguu yake ilikubali kidogo, kisha ikaanza kuzungumza mambo mawili tofauti. Akakaa tena. Mbele yake barafu ilikuwa imetoka kusafishwa, inang'aa, haina hata mchoro mmoja, na moshi mwembamba wa baridi ulikuwa ukipanda juu yake pale jua lilipoigusa.

"Sasa angalieni," Balagizi akasema. "Ni kama kazini. Mguu mzima chini, hatua fupi fupi, mwili mbele kidogo."

Akaingia. Mguu wa kwanza ulifanya kama alivyosema. Wa pili ukaenda kaskazini. Balagizi, mwanaume wa kilo tisini na tano, alizungusha mikono hewani mara tatu, akakaa chini kwa kishindo ambacho wale waliokuwa upande wa pili walikisikia, na akaendelea kuteleza akiwa amekaa mpaka alipofika katikati ya uwanja. Kofia yake ilibaki pale pale alipoanzia.

Akimana alifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nahimana alicheka mpaka machozi yakamtoka na yakapoa mashavuni kabla hajayafuta.

Kwa watoto wadogo kulikuwa na sanamu za plastiki za pengwini, zenye vishikio viwili mabegani, mtoto anashika na kusukuma. Fiacre alikuwa amepewa mmoja, lakini baada ya dakika tano alimwacha akaanza kukimbia huku na huko bila msaada wowote, akianguka na kuinuka kama mpira. Balagizi alipofanikiwa kupiga magoti, pengwini yule ndiye aliyekuwa karibu. Akamshika. Msichana mfanyakazi wa uwanja alikuja akamwambia kwa adabu kwamba pengwini ni wa watoto wa chini ya miaka kumi. Balagizi akamweleza kwamba mgongo wake una miaka hamsini lakini magoti yake yamezaliwa leo. Msichana alimtazama, akautazama uwanja ambao bado haukuwa na watu wengi, akaondoka.

Nahimana mwenyewe alikuwa ukutani. Alishika ule ukuta mweupe kwa mikono miwili na akaenda kando kando, kiatu kwa kiatu. Mzunguko wa kwanza ulimchukua zaidi ya robo saa. Alianguka mara nne na kila mara alijikuta anatabasamu kabla hajajua kama ameumia. Kitenge kililowa. Pua ilikuwa haina habari naye tena. Watoto wadogo wa umri wa chekechea walimpita kwa kasi, kisu cha kila kiatu kikilia krrr, naye akawaangalia miguu kama mwanafunzi anayenakili ubaoni.

Ndipo akasikia jina lake kutoka nje ya ukuta.

"Mama Akimana? Ni wewe ama ni macho yangu?"

Alikuwa Wilkister, Mkenya, nesi, ambaye kanisani ndiye anayeongoza kwaya nzima na ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti. Alikuwa anapita kwenda sokoni na toroli lake la magurudumu mawili. Nahimana alihisi joto limempanda shingoni. Kama kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakutaka amkute amelowa kitenge na kukumbatia ukuta, alikuwa huyu.

"Ni mimi," akasema. "Leo ni siku yangu ya kuzaliwa."

"Si uko Januari kama watu wote?"

"Hapana. Nimezaliwa leo. Nimepata karatasi."

Wilkister alimtazama kuanzia kofia ya sufu mpaka kwenye viatu. Nahimana alisubiri neno. Wilkister akaegesha toroli, akaweka viwiko juu ya ukuta.

"Sasa mbona unashika ukuta hivyo?" akauliza. "Hautaanguka. Ukuta uko sawa. Wewe toka hapo tuone."

Nahimana akacheka. Akaondoa mkono mmoja. Akaondoa wa pili. Alisimama peke yake kwa muda wa kuhesabu mpaka nne, akasukuma mguu wa kulia, na barafu ikampokea, akaenda. Akaenda hatua mbili, tatu, tano. Halafu akaangalia chini kuona miguu inafanyaje, na alipoangalia tu, miguu ikamkimbia.

Alianguka vibaya safari hii. Kiwiko kilitangulia, kisha nyonga. Alilala chali, pumzi imekatika, akiangalia mbingu ya bluu isiyo na wingu hata moja. Msichana wa uwanja akaja akapiga magoti, akamwuliza kama anaweza kusogeza mkono. Anaweza. Kichwa kimegonga? Hakikugonga. Anataka kutoka akapumzike?

"Dakika ngapi zimebaki?" Nahimana akauliza.

"Kumi na mbili."

Balagizi alikuwa amefika na pengwini wake, uso umemwiva kwa wasiwasi. "Inatosha, mama. Umeteleza. Tumeona wote. Twende tukanywe chai."

Nahimana akakaa, akajipangusa barafu mgongoni. Kiwiko kilikuwa kinawaka moto ndani ya ile baridi yote. "Chai haitakimbia," akasema. "Niinueni."

Akimana ndiye aliyefika mbele yake. Yeye alikuwa amekwisha kuteleza mara mbili na shule, na tangu waingie alikuwa mbali, upande wa pili, mahali ambapo kitenge hakikuonekana kuwa cha kwao. Sasa alisimama mbele ya mama yake, akampa mikono yote miwili. Mama akainuka. Binti akaanza kurudi kinyumenyume taratibu, akimvuta.

Kwanza alizungumza Kiingereza, kama kawaida. Mama yake alielewa, lakini kila neno lilichelewa nusu sekunde kufika miguuni, na nusu sekunde ilitosha kumyumbisha. Akimana akaliona hilo. Akabadili.

"Kunja magoti, mama. Zaidi. Usiangalie chini. Niangalie mimi."

Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta tafuta, lakini miguu ya Nahimana ilikitii papo hapo.

"Sukuma kulia. Ngoja. Ngoja kwanza. Sasa kushoto."

"Nisukume lini?"

"Nikisema. Sasa. Ngoja. Sasa. Uko sawa, mama, uko sawa kabisa."

Walikwenda nusu ya uwanja hivyo. Nahimana hakumwona mtu mwingine yeyote, ila macho ya binti yake na mvuke wa pumzi zao wote wawili. Walipofika kwenye kona, Akimana akasema, "Sasa nakuachia," na kabla hajapata jibu akawa ameachia kweli.

Nahimana akaendelea.

Kulia, ngoja. Kushoto, ngoja. Chini ya miguu alisikia kile kisu kikikata, krrr, na safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe. Upepo ulimpiga usoni ingawa hewa ilikuwa imetulia. Ilimchukua muda kuelewa kwamba upepo ule ni yeye anayeutengeneza. Alimpita Fiacre, ambaye alipiga kelele na kuanza kumfuata. Alimpita mumewe na pengwini. Kwenye kona akajiegemeza kidogo kushoto, akidhani ataanguka, na mwili ukapinda wenyewe kufuata ukuta. Kitenge kilikuwa kimejaa hewa nyuma yake. Akajaribu kuweka mikono mgongoni, ikakaa hapo kwa urefu wa kama gari moja, akairudisha mbele haraka.

Alimaliza mzunguko mzima. Kisha akagundua kwamba hakuna aliyemfundisha kusimama.

"Wilkister," akaita, "nakuja."

Wilkister akapanua mikono juu ya ukuta. Nahimana alimfikia kwa kifua, wakakumbatiana ukuta ukiwa katikati, kofia ya mmoja ikamwangukia mwenzake, na toroli la sokoni likaangushwa na wote wawili bila mtu kujua ni vipi. King'ora cha mwisho wa kipindi kililia wakiwa bado wameshikana.

Kwenye benchi, Nahimana hakuweza kufungua kamba za viatu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Balagizi alipiga magoti chini akamfungulia, akamvua soksi zilizolowa, akaichukua miguu yake na kuisugua kwa viganja vyake vikubwa, kama anavyosugua yake mwenyewe akitoka kwenye friza.

"Mi nilidhani ninaijua barafu," akasema bila kuinua kichwa. "Kule haijawahi kunichekesha."

Wakanywa chai. Wakanunua chipsi za moto, wakala wote watano kutoka kwenye sahani moja ya karatasi, Wilkister akisahau soko. Hapo ndipo alipotoa simu yake. Alikuwa amerekodi mzunguko mzima, pamoja na sauti yake mwenyewe akiimba nyuma, na tayari alikuwa ameutuma kwenye kundi la kwaya.

Nahimana aliiangalia simu ile ikitetemeka kila sekunde juu ya benchi. Alisubiri mizaha. Ilikuwepo, ya pengwini zaidi. Lakini mama mmoja kutoka Cabramatta aliandika: "Uwanja huo ni wapi na unafungwa lini?" Mwingine akauliza kama viatu vipo vya saizi kubwa. Mzee Armel wa besi akaandika tu, "Mama Akimana, hongera ya kuzaliwa," kisha wengine wakaiga, hongera juu ya hongera, mpaka simu ikaisha chaji kwa baridi.

Jumapili hakuweza kukaa upande wa kushoto. Jumatatu kazini alimwonyesha mmoja wa wazee wake jeraha la kiwiko, likiwa limefikia rangi ya biringani, akalionyesha kwa fahari ambayo yule mzee alisema hajaiona tangu vijana wake wacheze raga. Alhamisi wanawake sita wa kwaya walikwenda Parramatta. Watano walishika ukuta muda wote. Wa sita alikuwa Wilkister, ambaye alianguka akiwa bado hajaingia kwenye barafu.

Uwanja ule wa nje ulibomolewa mwishoni mwa Julai. Nahimana alisikitika siku mbili, kisha akamwomba Akimana amtafutie ule wa ndani, unaofunguliwa mwaka mzima, na akajiandikisha darasa la wanaoanza, Jumamosi asubuhi. Darasani wako kumi na mmoja. Yeye ni mkubwa kuliko wote kwa miaka ishirini, na anayesimama jirani naye kwenye mstari ni mtoto wa miaka saba ambaye humkumbusha kukunja magoti. Balagizi humsindikiza. Hukaa kwenye viti vya watazamaji amevaa jaketi lake la kazini, amekataa katakata kuvaa tena vile viatu, na haachi kupiga kelele za ushauri. Jumamosi iliyopita Nahimana alikwenda kinyumenyume kwa mara ya kwanza, mita mbili, labda mita mbili na nusu, akiangalia juu ya bega kuona njia iko wazi.